Konzi ya Unga ya Herai

Waliotutangulia katika imani wametusimulia, nasi tunasimulia kama tulivyopokea, kwamba palikuwa na jamaa ya waumini katika mji mmoja wa Misri, kando ya mto Nili, zama zile ambapo kulitaja jina la Kristo hadharani kulikuwa ni kujitafutia mkatale, miguu ibanwe kwenye gogo. Hawakuwa na kanisa la mawe wala kengele. Walisali katika ukumbi wa mtu mmoja mtia rangi vitambaa, na wakitoka ibadani nguo zao zilinuka rangi mpaka jioni. Lakini maskini hao wa Mungu walikuwa na desturi moja ambayo, nasema wazi bila kumung'unya maneno, natamani tungekuwa nayo sisi tulio na makanisa ya vigae na viti vya kulalia usingizi.

Mkate wa Meza ya Bwana hawakuununua sokoni. Kila Jumamosi asubuhi mwanamke mmoja alipita nyumba kwa nyumba na bakuli la mti, na kila nyumba ya muumini ikatia konzi moja ya unga. Mwenye ngano alitia ngano, mwenye shayiri alitia shayiri, na yule ambaye gunia lake lilikuwa limebaki vumbi alitia vumbi hilo hilo. Unga wote ulimiminwa katika chano kimoja, ukakandwa, ukaokwa mkate mmoja. Rangi ya mkate ule haikueleweka, na mara nyingi ulikuwa mgumu kidogo. Nyumba iliyotia unga ndiyo iliyotajwa katika sala, walio hai wake na waliolala. Nyumba iliyokosa kutia unga Pasaka ikifika haikutajwa tena. Ilihesabiwa kwamba watu wake wameondoka.

Mwanamke wa bakuli aliitwa Bibi Teodota, Mungu ailaze roho yake pema. Alikuwa mjane, mfupi, mdogo wa mwili, ila ulimi wake haukuwa mdogo. Alikuwa na mwana mmoja tu, Isidori, na huyo alifia gerezani wakati wa dhiki.

Dhiki yenyewe ilikuwa hivi. Liwali wa mji aliwaita Wakristo mmoja mmoja mbele ya sanamu, akawataka watupe chembe ya ubani motoni na kumkana Bwana. Isidori alikataa, akapigwa, akafa. Mwenzake wa gereza, Kolutho, alikataa naye, akapelekwa machimbo ya mawe, akarudi mguu mmoja umevunjika ukaunga vibaya. Watu walimheshimu Kolutho mno, na kwa haki. Alipoingia ukumbini walisimama.

Lakini wapo waliotupa ubani. Mmoja wao alikuwa Herai, mfumaji wa mikeka, mama wa mtoto mmoja mchanga. Liwali yule alipoondolewa na mji ukatulia, Herai alirudi akilia. Wazee wakamwambia asubiri. Akasubiri. Kila Jumapili alisimama nje ya mlango, juani, mtoto mgongoni, akisikiliza sala ukutani. Kila alipouliza, jibu lilikuwa lile lile: subiri. Na Pasaka ikakaribia, ambayo ikipita bila unga wake, jina lake lingefutika na la mwanawe pamoja naye.

Jumamosi ile ya kuelekea Pasaka, Bibi Teodota alichukua bakuli lake. Alipofika kwa Herai, nyumba ambayo wazee walikuwa wamemwambia aipite bila kubisha, hakuipita. Akabisha.

Herai alifungua, akaona bakuli, akarudi nyuma. "Bibi, umepotea njia?"

"Nyumba hii naijua tangu hujaolewa. Lete unga."

"Bibi, mimi sistahili."

"Loo! Sikukuuliza unastahili nini. Nimeomba unga, na jua linapanda."

Herai alichota konzi yake ya shayiri, kwa haraka hata nyingine ikamwagika kizingitini. Bibi Teodota akaukoroga unga ule palepale kwa kidole chake, ukapotelea katika unga wa watu wengine, akaenda zake.

Habari haikukawia. Kabla hajamaliza kukanda, wazee walikuwa uani kwake: Kasisi Panufi, mtu mpole aliyeogopa ugomvi kuliko homa, Serapioni, mfanyabiashara wa kitani, mwenye sauti, na mbele yao Kolutho, na gongo lake.

"Bibi Teodota," akasema Kolutho kwa taadhima, "tumesikia unga wa Herai umo humo."

"Umo."

"Utoe."

Bibi akakisukuma chano kuelekea miguuni pake. "Utoe wewe, mwanangu Kolutho. Uchague chembe moja moja. Mimi nitakushikia taa, maana itakuchukua muda."

Serapioni akang'aka kwamba huo ni utovu wa adabu, unga wote umwagwe, nyumba zitoe upya. Kolutho alimnyamazisha kwa mkono. Hakuwa mtu wa makelele, na maneno yake yalitoka mahali palipouma.

"Bibi, mimi simchukii Herai. Ila tukimrudisha hivi hivi, siku liwali mwingine akija na ubani wake, vijana wetu watatupa wote, wakijua kesho yake watasamehewa. Tutakuwa na kanisa la namna gani?"

"Umemwona mtoto gani akijitia motoni kwa sababu mama yake anayo dawa ya kuungua?"

"Bibi, watu wamekufa! Isidori amekufa. Mwana wako mwenyewe, tumbo lako. Unataka kukanda damu yake pamoja na unga wa mtu aliyemkana Bwana?"

Hapo Bibi Teodota aliacha kukanda. Wanaosimulia husema uso wake ulibadilika, na Kasisi Panufi akarudi nyuma hatua.

"Usimtaje mwanangu kama ufunguo wa mlango wako," akasema. "Mwanangu alikufa akisema Yesu ni Bwana. Hakusema Kolutho ni Bwana. Hakusema wazee ni Bwana. Kama damu yake ndiyo mnayofungia watu nje, basi nirudishieni. Ni yangu. Mimi ndiye niliyemwosha mwili."

Bibi akarudi kwenye chano chake, machozi yakimdondoka, mikono ikikanda.

"Nipigeni marufuku bakuli," akaongeza bila kuinua kichwa. "Nitoeni kanisani. Hiyo mnaweza. Ila mkate usio na unga wa Herai siujui kuuoka. Mama yangu hakunifundisha."

Wazee wakaondoka. Na hapo, ndugu zangu, wakafanya kosa ambalo hakuna mtu mwingine duniani angelifanya ila watu wa kanisa. Badala ya kuamua, walioka mkate wa pili! Dada yake Kolutho aliuoka kwa unga uliotolewa na nyumba zilizomuunga mkono, unga mweupe uliochekechwa vizuri, na asubuhi ya Pasaka mikate miwili ililazwa juu ya Meza moja, mmoja mweupe na mmoja wa rangi isiyoeleweka, na Kasisi Panufi amesimama katikati.

Herai alikuwa mlangoni, mahali pake pa siku zote. Bibi Teodota hakwenda mbele. Alitandika kitambaa chake kizingitini, akaketi kando ya Herai, akamchukua mtoto mapajani.

"Baba Kasisi," akaita, sauti ikafika mpaka Mezani, "tangu lini Bwana ana mikate miwili? Vunja mmoja. Ukivunja ule mweupe, mimi nitabaki hapa na huyu. Na jina la mwanangu usilisome, kwa maana nyumba yake haimo."

Kila mtu mle ndani alijua kwamba mwaka mzima, jambo lililomwamsha mwanamke yule kitandani Jumapili lilikuwa ni kusikia jina la Isidori likisomwa. Watu wakaanza kunong'ona. Kasisi akamtazama Kolutho, nao wote wakamtazama Kolutho.

Kolutho alijikongoja mpaka mlangoni. Alikuwa mtu mwema, nataka mlijue hilo. Alikuwa anatafuta njia ya kutoka katika ugomvi ule.

"Herai," akasema, "watu wanasema askari alimshika mwanao, akatishia kumtupa. Kama ni hivyo, liseme mbele ya kanisa. Mama yeyote angefanya vile. Liseme, nami nitanyamaza, na mambo yaishe."

Ulikuwa mlango wazi. Serapioni mwenyewe alitikisa kichwa kukubali. Neno moja tu, naam, na Herai angeingia.

Herai alisimama. Akamtazama mtoto, akamtazama Bibi Teodota, ambaye hakumwashiria lolote.

"Hakuna aliyemgusa mwanangu," akasema. "Watu ndio waliotunga hilo kwa kunihurumia, nami nililiacha litembee. Askari alinionyesha mjeledi tu, hata hakuuinua. Nikatupa ubani. Niliogopa, kaka Kolutho. Basi. Ningekuwa na udhuru ningekuja na udhuru. Sina. Nimekuja na unga."

Kolutho aliegemea gongo lake, akitazama chini, na alipoanza kusema hakusema na Herai peke yake.

"Mimi niliogopa kuliko yeye," akasema. "Mnaposimama ninapoingia, mnamsimamia mtu ambaye usiku kucha alilia gerezani akiomba wamlete ubani. Isidori alikuwa amefungwa kando yangu. Alinishika mkono. Kila nilipotaka kuita askari, aliubana. Kulipokucha nilikuwa sijakana, na mimi nikapewa sifa." Akageuka, akawakabili waliokaa ndani. "Huyu dada alipoitwa na liwali, mimi nilikuwa machimboni. Ninyi mlikuwa hapa mjini. Nani alikwenda naye? Nani alimshika mkono?"

Sakafu ya ukumbi ule haikupata kutazamwa kiasi kile.

"Basi tusimwulize yeye alikuwa wapi," akasema Kolutho.

Akamnyoshea Herai mkono. Herai akaushika, wakaingia pamoja, polepole kwa sababu ya mguu wake, Bibi Teodota nyuma yao na mtoto. Kolutho alipofika Mezani aliutwaa mkate mweupe wa dada yake, akaukabidhi kwa mtu wa pembeni. "Huu tutaula na samaki," akasema. "Baba Kasisi, vunja ule wa Bibi." Ukavunjwa. Majina yakasomwa, Isidori akasomwa, na Herai na mwanawe wakasomwa, na waliosikia husema Bibi Teodota alijibu "Amina" kwa nguvu hata njiwa wakaruka paani.

Kama mnadhani wote walifurahi, hamjawahi kukaa kanisani. Serapioni aliondoka kabla ya mkate kumfikia. Alitoka na mkewe, watoto wake na watumishi wake, akasema mlangoni kwamba hatakula Meza moja na watupa ubani, na kwamba kanisa limekwisha. Na kwa kuwa ilikuwa Pasaka, naye ameukana mkate ule pamoja na unga wake uliokuwamo, kulikuwa na watu waliosema chini kwa chini, wengine kwa furaha kabisa, kwamba sasa ni zamu yake kufutwa.

Jumamosi iliyofuata Bibi Teodota alichukua bakuli lake. Alipita kwa Kolutho, akapita kwa Herai, kisha akashika njia ya kwenda kwenye nyumba ile kubwa ya kitani. Herai aliyekuwa akimsindikiza akasimama kwa mshangao.

"Bibi, hata huyu? Baada ya yote aliyoyasema?"

"Hata huyu."

"Lakini alitaka unga wangu umwagwe!"

"Nilipigania unga wako wewe ulipokuwa nje," akasema Bibi. "Sasa aliye nje ni yeye. Ulifikiri nilikuwa napigania shayiri yako peke yake?"

Akabisha. Mtumishi akafungua, akaona bakuli, akaufunga mlango. Akabisha tena. Sauti ya Serapioni ikatoka ndani, kali, ikimwamuru aende zake. Bibi Teodota akatandika kitambaa chake kizingitini, akaketi, akaliweka bakuli mapajani, akapaza sauti ili asikike mpaka vyumba vya ndani:

"Sitaki uniombe radhi, Serapioni. Sitaki unipende. Nataka unga. Na mimi ni mjane, sina pa kuwahi."

Alikaa pale jua likapanda. Herai, aliyekuwa amesimama pembeni amenuna, alimtazama kwa muda. Kisha akaja, akaketi kizingitini kando yake, akabisha yeye mwenyewe.

Enyi mliobatizwa, mnaosikia kisa hiki, msitoke mkisema Bibi Teodota alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Alikuwa mnyenyekevu, na mnyenyekevu ni mtu mgumu kumwondoa mlangoni. Kama kuna nyumba unayoipita na bakuli lako, nenda kabishe leo. Bwana atujalie ukaidi wa namna hiyo. Amina.