Nyapara Aliyejua Nani Anaumwa

Wapendwa, leo sina mahubiri marefu. Nina mfano mmoja tu, wa gerezani, na nimeutunga mwenyewe mezani kwangu, kwa hiyo asije mtu kunishika shati pale mlangoni aniulize ni gereza gani na mkuu wake alikuwa nani. Nawajua nyie. Mzee Mligo, zima hiyo simu baba yangu. Mungu akikutafuta anajua umekaa wapi.

Haya. Tuseme lilikuwepo gereza la kilimo, mbali na mji, mahali pa baridi kama hapa kwetu. Wafungwa wanaamka, wanahesabiwa, wanakunywa uji, wanakwenda kulima. Aliyeugua anasimama pembeni, kwenye mstari wa wagonjwa. Zahanati ya gereza ilikuwa na vidonge vya kichwa na dawa ya vidonda, basi. Ugonjwa wa maana ulisubiri Jumanne, siku ya pikapu kwenda hospitali ya wilaya. Na pikapu hiyo, ukimtoa dereva na askari, nyuma ilichukua watu wawili. Wawili tu. Shikeni hapo, kwa sababu mambo yote yalitokea kwa ajili ya zile nafasi mbili.

Sasa kila Jumanne mstari unarefuka. Huyu katafuna sabuni ili atapike. Yule kalala na kitunguu saumu kwapani apandishe homa. Mwingine anachechemea mguu wa kulia, akiitwa jina anageuka, anachechemea wa kushoto. Mnacheka. Wewe ungepewa jembe na mgongo wa kilima kizima, kwenye umande ule, ungechechemea miguu yote miwili.

Askari walichoka kudanganywa. Ndipo wakamgundua nyapara.

Nyapara, kwa wasiojua, ni mfungwa anayepewa kusimamia wafungwa wenzake. Huyu alikuwa mtu wa makamo, msafi, sauti ya chini. Alikuwa ndani kwa kosa la kuua, lakini ukimwona ungempa mtoto wako akushikie. Alipita kwenye mstari polepole, hamgusi mtu, anawatazama tu usoni. "Wewe ni sabuni, rudi shambani. Wewe huumwi, umegombana na mtu selo namba tatu unamkwepa. Wewe kaka, ni jino, la nyuma, na una siku nne hujapata usingizi. Nenda ukakae." Na yule wa jino akaanza kulia pale pale mbele ya watu. Akasema tangu aingie gerezani hakuna binadamu aliyemwona namna ile.

Hakukosea hata mara moja. Miezi mitatu ikapita, askari wakaacha kubishana naye. Alichosema nyapara ndicho hicho. Wafungwa wakasema, "Yule mtu ana moyo." Hata mchungaji aliyekuwa akija kuhubiri mle, mjinga mwenzangu, akamtolea mfano ibadani: tuwe kama ndugu huyu, tujue uchungu wa wenzetu.

Na kulikuwa na mwingine, ambaye hakuna aliyemtolea mfano. Huyu alimpiga ndugu yake jembe la kichwa kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Mdomo mchafu, pole hana, samahani hana. Mtu akilia karibu naye anamuuliza, "Unalia nini?" kwa sauti ile ile ya kuuliza chumvi iko wapi. Wafungwa walihama mikeka ili wasilale ubavuni kwake. Ninyi mngemwogopa yupi kati ya hawa wawili? Msinijibu. Nimeshawaona nyuso.

Basi akaja mfungwa kijana, aliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe. Amebakiza miezi miwili atoke. Mkewe alijifungua yeye akiwa ndani, mtoto wa kike, na alikuwa na barua iliyomwambia kwamba mtoto ameshaanza kukaa. Hakuwa na habari nyingine mdomoni zaidi ya hiyo: nitamkuta anakaa au nitamkuta anatambaa? Jumatatu akashikwa na tumbo. Jumanne akasimama kwenye mstari.

Mbele yake alishachaguliwa mzee mmoja wa kifua, anakohoa hadi anashika ukuta. Nafasi moja imekwenda, moja ipo. Nyapara akamfikia yule kijana. Akamtazama sana, kuliko alivyowahi kumtazama mtu.

"Huyu ni gesi ya maharage," akasema. "Aende shamba."

Askari akauliza, "Una hakika?"

"Afande, nimewahi kukosea?"

Kweli, hakuwahi. Kijana akajaribu kusema, "Nyapara, kaka yangu, nakufa mimi," na nyapara akamshika bega taratibu akamwambia, "Pole ndugu yangu. Najua." Pikapu ikaondoka na mzee wa kifua. Na nyapara akapanda naye, amshike njiani barabara isimrushe, kama ilivyokuwa desturi siku ambazo mgonjwa ni mmoja tu.

Kijana akalima Jumanne. Jumatano akalima, amejikunja. Alhamisi akaanguka kwenye matuta, na watu wakapita na majembe yao, maana nyapara alishasema ni gesi. Nani ambishie nyapara?

Akaja yule wa mdomo mchafu. Akasimama juu yake.

"Unaumwa?"

"Tumbo."

"Sana?"

"Sana, bwana."

Mnaona? Hakujua. Ikabidi aulize. Wala pole hakusema. Akamwinua, akamweka mgongoni, akaanza kutembea kurudi gerezani, vilima viwili hivyo, na askari nyuma anapiga kelele, "Simama! Nani kakuruhusu uache kazi?" Hakusimama. Akapigwa rungu la mguu, akaendelea kutembea. Akamlaza kijana langoni akasema, "Huyu anakufa. Mpelekeni."

"Nyapara kasema ni gesi."

"Nyapara hajambeba. Mimi nimembeba. Ana moto kama jiko."

Wakamfungia selo ya adhabu kwa kuondoka shambani bila ruhusa. Kijana wakampeleka zahanati, akapewa kidonge cha tumbo, akaandikwa asubiri Jumanne. Alikufa Jumamosi asubuhi, wenzake wakiwa kwenye uji. Mtoto yule hakumkuta anakaa wala anatambaa.

Mkuu wa gereza akamwita nyapara ofisini. Hakuwa mtu mbaya, mkuu yule. Alitaka hata kumfariji kidogo.

"Usijilaumu sana," akamwambia. "Kila mtu hukosea. Safari hii na wewe umekosea."

Nyapara akakataa kwa kichwa. "Sikukosea, afande."

"Ulisema ni gesi."

"Nilisema. Lakini nilimwona. Alikuwa na jasho juu ya mdomo na baridi ile, anatembea hatua fupi, mkono haumtoki ubavuni. Nilijua ni utumbo umeharibika ndani. Nilijua atakufa. Nilidhani angefika Jumapili, hapo tu ndipo nilipokosea, kwa siku moja."

Mkuu akamkodolea macho. "Sasa kwa nini hukusema?"

"Wangekuwa wagonjwa wawili, afande. Ningekosa nafasi. Pale nje ya hospitali kuna mama anauza chai ya maziwa na maandazi ya moto. Askari huwa ananinunulia."

"Mtu amekufa, wewe! Ulipomwona anajikunja vile, hukusikia chochote?"

Nyapara akafikiri. Alifikiri kweli, maana aliona ni swali linalostahili jibu. Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Ningesikia wapi, afande? Tumbo lilikuwa lake."

Eeh. Nasikia mnaguna. Mama mmoja hapa mbele kashika mdomo. Mnasema, mnyama huyo. Mnasema, bora yule wa jembe mara mia.

Na ni kweli, wapendwa, watu wa namna hii wapo, gerezani wapo na nje ya gereza wapo, na wanaosoma mambo ya akili wana majina yao ya kuwaita. Mimi nasema kwa lugha yangu ya hapa madhabahuni. Kuna mtu anakusoma uso wako vizuri kuliko mama yako, ila alichokisoma hakishuki moyoni mwake. Mkono uliokufa ganzi unaweza kushika kaa la moto na usijue unaungua. Mtu huyo achungwe, asipewe mstari wa wagonjwa kamwe, na mimi namwombea, kwa sababu sijui anaishije humo ndani peke yake. Kosa la askari wale lilikuwa moja. Walidhani anayejua maumivu yako lazima anakuhurumia. Hayo ni mambo mawili, na yanaweza kukaa mbalimbali kabisa katika mtu mmoja.

Lakini mimi sikuja kuhubiria wafungwa. Hawapo hapa. Mpo ninyi, na nipo mimi.

Nyapara alikuwa na ganzi. Sisi ganzi yetu iko wapi?

Sisi tunasikia. Tukisimuliwa tunalia, machozi ya kweli kabisa, hatuigizi. Jumatano iliyopita kwenye jumuiya tuliombea watu. Nilikuwepo. Na ilipofika kwa dada yetu mmoja, mliomba vizuri jamani, mliomba kwa upole mpaka nikaona haya. "Bwana, mkumbuke dada yetu. Bwana, wewe unajua anayoyapitia mle ndani." Bwana anajua! Na nyie je? Anayekaa ukuta kwa ukuta naye hajui? Anayemwona kisimani amejifunga kitenge hadi shingoni wakati jua linawaka hajui? Tunajua siku mume wake anaporudi vibaya. Tunajua mpaka watoto hupelekwa kulala kwa nani. Halafu tukasema amina, tukaulizana habari za mbolea, tukaenda zetu. Kwa nini? Kwa sababu mume wake ni mtu wa kwaya na anatoa. Kwa sababu ya mke na mume hayaingiliwi. Kwa sababu mbavu ni zake.

Na msidhani nawarushia mawe nikiwa nimesimama pembeni. Jumapili ya mwisho aliyokuja dada yetu huyo, wiki nne sasa, alipofika hapo mlangoni kunisalimia alinipa mkono wa kushoto. Mama yule! Ambaye hajawahi kupokea hata kijiko kwa mkono mmoja, akampe mchungaji wake mkono wa kushoto? Nikautazama mkono wa kulia, ulikuwa ndani ya khanga. Nikamtazama usoni. Akanitazama. Nilijua, wapendwa. Nilijua na moyo uliniuma, sitawadanganya, uliniuma hasa. Na kamati ya ujenzi ilikuwa inanisubiri kwa habari ya mabati. Nikamwambia, "Mungu akubariki, mama," nikageukia mtu mwingine.

Sasa niambieni, kati yangu na nyapara nani ana heri? Yeye siku ya hukumu atasema, Bwana, sikusikia kitu, hukunipa cha kusikilia. Mimi nitasema nini? Nitasema niliumia, halafu nikaenda kwenye kikao? Afadhali yule mwenye mdomo mchafu, ambaye hakujua, akauliza, akabeba.

Nimesema habari za dada yetu huyu muda wote huu na sijamtaja jina. Nimesubiri nione. Hakuna hata mmoja wenu aliyemgeukia jirani yake akamuuliza, "Ni nani huyo?"

Simameni. Sadaka ya pili haipo leo, wala baraka sitaitoa humu ndani, nitaitoa nikishafika nyumbani kwake. Wazee wawili, Mzee Mligo na mwenzako, mtabaki hapa na yule baba wa kwenye kwaya, mkae naye, asiondoke mpaka niwaambie. Ndiyo, wewe baba, kaa chini. Akina mama tangulieni mbele yangu, njia mnaijua. Kijana mwenye gari alilete mlangoni, maana huenda tukamkuta hawezi kutembea. Wiki nne ni nyingi. Sijui tutamkuta katika hali gani.