Filta ya Tajiri Kiango

Tajiri Kiango, mwenye duka la vipuri, alikataa kumbadilishia Siwema, dereva wa teksi, filta ya oili iliyopasuka. "Filta zenye jina langu hazina kasoro!" alifoka mbele ya wateja.

Kesho yake, duka likiwa na wateja, Siwema alirudi na filta mbili alizozikata na kuzivua makopo yenye majina. Moja ilikuwa na vifuniko vya ndani vya chuma, nyingine vya karatasi.

"Zimenichanganya, mzee. Ipi yako?"

Kiango aliinyakua ya chuma. "Hii! Hiyo nyingine ni ya matapeli."

"Kweli hiyo ni yako," Siwema alisema kwa upole. "Fundi anayetengeneza gari lako kaitoa humo jana, akanipa; ni ya kampuni nyingine. Ya matapeli nimeinunua hapa."

Wateja wakaanza kurudisha filta zao kaunta.