Kiboko na Nusu ya Mstari

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini? Nyie wa nyuma, mbona kimya?

— Pakawa bwawa, na wawili wa kuchana mistari!

Hapo sawa. Tulieni basi.

Bwawani alikuwako Chura, na alikuwako Nyenje. Chura alipiga mdundo kwa koo lake, du-du-ka, du-du-ka, akaanza mstari. Nyenje akaumalizia kwa kina, chirrr! Umati ukakirudia kile kina. Ndiyo desturi ya pale: Chura aanze, Nyenje amalize, umati urudie. Mmoja peke yake? Kelele tupu.

Kiboko akaona wivu. Bwawa analo, majani anayo, bado na wimbo anautaka. Akamwendea Chura, puh, puh, puh.

"Kesho kwenye sherehe nachana mimi. Nipe wimbo wako, useme ni wangu. Ukikataa nakukanyaga."

"Na Nyenje je, mzee?"

"Nyenje wa nini? Kazi yake kusindikiza mwishoni. Nipe maneno yako, yanatosha."

Chura roho ikamuuma. Wimbo ule waliutunga wawili tangu yeye bado ana mkia. Lakini lile "yanatosha" likamchekesha kimoyomoyo.

"Haya, mzee. Shika maneno yangu. Yangu tu."

Kesho yake bwawa likafurika wanyama. Chura akapiga mdundo, du-du-ka. Kiboko akapanua kinywa:

"Bwawa hili langu, tope hili langu..."

Maneno ya Chura yaliishia hapo. Du-du-ka, du-du-ka, kina kinangojwa. Mara nyasini, chirrr:

"...ila wimbo si wangu!"

Umati ukarudia, kama desturi: "Ila wimbo si wangu!" Na mdundo ulivyokolea, Kiboko naye akajikuta anatikisa makalio na kurudia kwa sauti kubwa kuliko wote: "Ila wimbo si wangu!"

Alipojisikia, chubwi! Akazama. Hadi leo anachungulia macho na masikio tu, anaona haya. Na hadi leo, pita bwawani jioni usikie: Chura anaanza, Nyenje anamalizia.

Funzo lake? Fanyeni kazi peke yenu, wanangu. Mwenzio wa nini, mgawane sifa? Mwulizeni Kiboko.

Nami nafunga hapa: ngano hii yangu, sifa zake zangu...

— Ila wimbo si wangu!