Kiapo cha Rumaitha na Mkate wa Siku ya Mafuriko

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa mabonde ya Hadhramauti aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Rumaitha, muoka mikate. Ulimi wake haukujua uongo, na akiapa, ameapa. Ila alikuwa na hasira za karibu, Mola amrehemu, na mcha Mungu mwenye hasira ana mitihani yake.

Siku moja mbuzi wa jirani yake, Bi Suhaima, aliingia uani mwake akala donge lote la unga lililokandwa alfajiri. Rumaitha alikwenda kwake kulalamika. Suhaima, badala ya kuomba radhi, alicheka hata machozi yakamtoka.

"Mbuzi wangu amekusifu, dada," akasema. "Hakubakisha hata punje!"

Rumaitha akapandwa na hamaki, akaapa mbele ya watu: "Wallahi, mkate wa tanuri langu hautaingia kinywani mwa mtu wa nyumba yako maadamu nina pumzi!"

Miaka ikapita. Kiapo kile alikishika kama anavyoishika swala yake, wala hakuna aliyethubutu kumgusia.

Kisha yakaja mafuriko. Maji yalishuka kutoka milimani asubuhi kweupe, nyumba za udongo za mtelemkoni zikayeyuka, ya Suhaima, iliyokuwa chini kidogo ya ua wa Rumaitha, ikiwa mojawapo. Kwa rehema za Mola watu waliwahi kukimbilia ua wa msikiti, kule juu. Matanuri yote ya mji yalibomoka isipokuwa la Rumaitha, lililokuwa nyuma ya msikiti huo.

Waja wale hawakungoja sultani awatume. Mwenye nafaka alileta nafaka, hata kama nusu yake imelowa. Mwenye punda alisomba kuni. Vikongwe wasioweza kusimama waliketi wakichambua mawe kwenye ngano, na mzee mmoja kipofu akaomba apewe unga akande, akisema mikono yake inaona vizuri kuliko macho ya wengi. Rumaitha alioka mpaka nyusi zikaungua, kisha akajitwika sinia akawagawia watu mwenyewe.

Akafika alipoketi Suhaima na wajukuu wake. Akasita. Kabla hajafungua kinywa, Suhaima akainua kiganja.

"Wape wengine, dada. Sisi tumefunga."

Rumaitha akapita, na moyo wake, astaghfirullah, ukaona nafuu. Kesho yake ikawa vilevile: "Tumefunga, dada." Lakini mjukuu mdogo alikuwa ameukazia macho ule mkate, akamvuta bibi yake ukaya wa kichwani.

"Bibi, jana tulifuturu kwa tende moja moja. Leo tutafuturu kwa nini?"

Rumaitha akalitua sinia chini. Akachutama mbele ya jirani yake.

"Suhaima, watoto hawa wamefunga saumu gani?"

Suhaima akainamisha uso. "Nilikucheka siku ile, na nilikosa. Watu wote wanajua Rumaitha hajapata kuapa uongo. Sikutaka uje uvunje kiapo kwa sababu ya tumbo langu."

Mwanamke aliyekuwa karibu akanong'ona, "Nipe mimi huo mkate, nami nitawapa wao. Hapo utakuwa hukuwapa wewe."

"La," akasema Rumaitha. "Niliapa usiingie kinywani mwao. Mungu hafanyiwi ujanja."

Akaenda moja kwa moja kwa imamu, Sheikh Mundhiri, aliyekuwa akizoa tope kwenye birika la kutawadhia, akamweleza yote bila kujipamba. Aliogopa kumwasi Mola wake, na aliogopa vilevile kuwaua watoto kwa njaa.

Imamu akaegemea jembe. "Bi Rumaitha, Mola ametukataza kulifanya jina Lake kuwa kizuizi cha kutenda wema. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba mwenye kuapa kisha akaona jambo lililo bora kuliko kiapo chake, na atende lililo bora, atoe kafara."

"Na kafara yangu ni ipi?"

"Lisha masikini kumi." Kisha akautazama ua uliojaa watu wasio na paa wala chungu, akatabasamu. "Na leo hutasumbuka kuwatafuta."

Rumaitha akacheka na kulia kwa pamoja, mzigo wa miaka umemtoka kifuani. Hakuugusa unga wa michango, kwa kuwa kafara hutoka katika mali ya mtu mwenyewe. Alikung'uta mtungi wake wa akiba hadi chini, akaoka, na mikate ya kwanza akampelekea Suhaima ingali moto.

"Kiapo chako, dada!" Suhaima akashtuka.

"Mimi nimeshakivunja," akasema Rumaitha, akimtilia mkate mkononi. "Na wewe vunja saumu yako."

Ndugu zangu katika imani, wengi wetu hatukuapa kwa ulimi, ila tunaye jirani ambaye mkate wetu haujapata kumfikia. Tusingoje maji yamwondolee nyumba ndipo tumkumbuke. Mola atulainishie nyoyo, na awarehemu Rumaitha na Suhaima, waliofichiana njaa na aibu mpaka wakapatana.