Kenge na Mashimo Asiyoyachimba

Masikio yapo?

Yapo.

Yako wazi, au yamefungwa na kamati?

Yako wazi.

Basi yashikeni vizuri, maana ninayoyaleta leo yana miba.

Hapo kale, kale sana, kabla wanyama hawajalijua neno meneja, alikuwako Muhanga. Muhanga kazi yake kuchimba. Alipofika kwenye kilima cha udongo mwekundu, alichimba, akachimba, akachimba, mpaka kilima kizima kikawa mashimo. Kisha akajikung'uta vumbi, akaenda zake. Hakuacha mlinzi, hakuacha mrithi. Alisema neno moja tu: "Atakayesikia baridi aingie."

Wakaingia. Nguchiro wakaingia, sungura wakaingia, Bibi Nungunungu akaingia na miba yake. Kwale hakai shimoni, lakini alitaga mayai yake kwenye nyasi za mlangoni, akawa jirani. Na Ngiri akaingia, mjane, mama wa watoto watatu. Baba yao alikuwa ameliwa na Chui wakati wa kiangazi, na Chui bado alikuwa anazungukazunguka bonde lile.

Sasa Ngiri, kama mnavyomjua, ana mambo yake. Akila, anapiga magoti. Akikimbia, anasimamisha mkia. Akiingia nyumbani, anaingia kinyumenyume, watoto wakitangulia na yeye akifunga mlango kwa uso wake na meno yake. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi yake. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Majirani walizoea, kama alivyozoea yeye kuchomwa na miba ya Bibi Nungunungu akipita njiani.

Siku moja Kenge akatoka mtoni. Hakuna aliyemwita. Akapanda juu ya kilima, akajianika juani, akatoa ulimi, akaurudisha, akasema:

"Mtaa huu hauna uongozi."

Wakaaji wakatazamana. Kweli, haukuwa nao. Na hapo ndipo walipokosea, maana hakuna aliyenyanyua mdomo kumwuliza, kwani wewe unaumwa wapi?

Kenge akasema, "Mnamjua mjomba wangu Mamba?"

Wote walikuwa wakinywa maji mtoni. Wote walimjua Mamba.

"Basi kuanzia leo mimi ndiye meneja."

Akawa meneja, akajitwalia na shimo moja kule juu kilimani. Ndivyo vyeo vingine vinavyopatikana, msicheke.

Meneja bila kanuni ni kenge tu. Kwa hiyo asubuhi moja Kenge akamwita Kwale awe mpiga mbiu. Kwale alikubali upesi sana, kwa sababu Kenge hupenda mayai, na Kwale alikuwa na mayai. Akapita mlango kwa mlango akilia:

"Tangazo, tangazo. Meneja anasema nyasi za mbele ya mtaa ni pambo. Ni marufuku kuzipigia magoti."

Mlango kwa mlango, lakini kwenye mlango wa Ngiri alisimama kidogo zaidi.

Ngiri akampandia meneja kilimani. "Mzee Kenge, shikamoo."

"Marahaba."

"Wewe nyasi huli."

"Sili."

"Nguchiro hali, na Bibi Nungunungu anachimbua mizizi yake kule porini. Kwa magoti tunakula mimi na wanangu peke yetu. Sasa hii kanuni ni ya mtaa, au ni yangu?"

Kenge akatoa ulimi, akaurudisha. "Bi Ngiri, wageni wakipita wanaona mama mzima kapiga magoti mbele ya nyumba, matako juu. Ni aibu kwa mtaa. Kanuni ni kanuni."

Ngiri akarudi. Akafikiri, nyasi ziko kwingi, nitakula mbali. Lakini moyoni alianza kuimba wimbo, na mkiusikia mumwitikie:

*Nani alichimba?*

*Muhanga.*

*Nani analala?*

*Sisi.*

*Kenge alichimba nini?*

*Hakuchimba.*

Aliuimba kimyakimya, ndani kwa ndani. Akatii.

Haikupita muda, Kwale huyoo tena. "Tangazo, tangazo. Meneja anasema kukimbia na mkia juu ni kuudharau uongozi. Mikia yote chini."

Ngiri akapanda tena kilimani. "Mzee Kenge, shikamoo."

"Marahaba. Wewe tena."

"Ni mimi, maana na kanuni ni yangu tena. Mkia huu siusimamishi kwa kiburi. Umenifanya nikale mbali, na huko nyasi ni ndefu kuliko wanangu. Hawanioni mgongo, hawanioni masikio. Wanaona mkia. Wanaufuata."

"Wafundishe kufuata sauti."

"Na Chui hasikii sauti?"

"Binti yangu," Kenge akasema, akafumba macho kama anayechoka, "mdomo wako ni mrefu kuliko haki zako. Mjomba wangu Mamba hapendi makelele. Kanuni ni kanuni."

Ngiri akarudi. Watoto wake walikuwa wanahitaji maji kila siku, na maji yalikuwa kwa mjomba. Akatii mara ya pili.

Jioni hiyo wakatoka malishoni mawingu yakiwa yamejaa. Upepo ukabadilika, Ngiri akanusa harufu ya Chui, akakimbia. Alikimbia mkia chini, kama alivyoagizwa. Alipofika mlangoni akageuka kuwaingiza watoto. Akaingiza wa kwanza. Akaingiza wa pili.

Kitindamimba hayupo.

Ngiri hakulia. Aliwaacha wale wawili, akarudi kwenye nyasi, na safari hii mkia ulisimama kama mti wa bendera. Akaita, akatafuta, akaita. Akamkuta Bibi Nungunungu amejikunja njiani, miba yote nje, na ndani ya miba mtoto anatetemeka. Nyayo za Chui zilikuwa zimewazunguka pande zote.

Bibi Nungunungu akasema, "Mwanangu, huyu alikuwa amesimama peke yake anatafuta mkia. Nikamwambia kaa hapa kwangu, usipumue. Chui kaja, kanusa, kachomwa pua, kaenda. Kesho sijui kama nitakuwa napita."

"Ahsante, Bibi."

"Usinishukuru. Nenda kamwambie yule wa juu."

"Sitamwambia," Ngiri akasema. "Nimemwambia mara mbili."

Na kweli, toka siku ile hakupanda tena kilimani. Alipiga magoti kwenye nyasi za mbele, palepale pa pambo, wageni wakipita. Alikimbia na mkia juu, na wimbo wake sasa aliuimba kwa sauti. Sungura wakimwona walikuwa wanaingia ndani haraka wasije wakaitwa mashahidi. Wengine walinong'ona, huyu mama atatuponza, kwani angenyamaza angepungukiwa nini? Mnawajua hao. Kila mtaa unao.

Kenge akaona. Akaitisha mkutano chini ya kilima, yeye juu. Akasema kwa kinywa chake, hakumtuma Kwale:

"Wakaaji, nimevumilia. Kuna familia hapa inaingia nyumbani kwa matako. Wanaporudi, uso unatutazama sisi, meno nje, kama vile sisi ni wezi. Sasa sikilizeni. Ni marufuku kwenda kinyumenyume katika mtaa huu. Iwe kuingia, iwe kutoka. Atakayeonekana akifanya hivyo anapoteza nyumba yake siku hiyohiyo, awe mkubwa awe mdogo."

Masika yalikuwa yanabisha hodi. Bonde zima halikuwa na shimo jingine. Kila mmoja alijua maana yake: watoto watatu wa Ngiri, mvua, na Chui.

Ngiri akasimama katikati ya mkutano. "Nina swali, bwana meneja. Kanuni hii tumeitunga lini?"

"Nimeitunga mimi."

"Ukamwuliza nani?"

"Uongozi haulizi."

"Basi na mimi siulizi ruhusa," Ngiri akasema. Akawakusanya wanawe, akaenda mlangoni kwake, mtaa wote ukimtazama. Akawatanguliza watoto. Kisha akageuka, akampa Kenge uso, akaingia kinyumenyume. Taratibu. Hakuna mguu uliokuwa na haraka. Kitu cha mwisho kuonekana kilikuwa meno.

Kenge akateremka kilimani, mkia ukiburuta vumbi.

"Toka. Nyumba si yako tena."

Sauti ikatoka shimoni: "Sitoki."

"Nitamwita mjomba."

"Mwite. Mamba akipanda kilima hiki kwa miguu yake, mimi mwenyewe nitampisha. Lakini tangu ulipokuja, Mzee Kenge, hatujamwona hata siku moja akikuitikia salamu. Kwenye msafara wake umo, sawa. Je, ulikaribishwa?"

Nyuma huko mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Kenge akasikia. Meneja anaweza kustahimili kuchukiwa, hata kulaaniwa. Kuchekwa hawezi.

"Nitakutoa mwenyewe."

"Mlango huo hapo," Ngiri akasema. "Ingia."

Kenge akaingia, kichwa mbele, kama kanuni inavyosema. Akaingia kichwa, akaingia mabega, akaingia tumbo, mkia wote ukafuata mpaka ncha ikapotea. Shimo la Muhanga ni jembamba, halina pa kugeukia. Akaenda, akaenda, akakuta mwisho wa njia. Mwisho wa njia ulikuwa uso wa Ngiri, na meno manne yamejipanga.

"Nipishe nipite," Kenge akasema.

"Nyuma yangu kuna wanangu. Hupiti."

"Basi nipishe nigeuke."

"Geuka."

Kenge akajaribu. Ubavu ukagonga ukuta, udongo ukamwangukia machoni. Akajaribu tena upande wa pili. Akajaribu mara ya tatu, akabaki anahema.

Sasa sauti yake ikawa ndogo, ya chumbani. "Binti yangu. Tuongee mimi na wewe. Nyasi za mbele nakupa, zote. Mkia simamisha upendavyo. Hii kanuni ya tatu nitaifanya iwe ya wengine, wewe usiguswe. Nipe tu nafasi nigeuke."

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu wengi hapa ndipo tunapoishia. Mlango wa siri ukifunguliwa tunapita peke yetu, kisha tunaita ushindi.

Ngiri akasema kwa sauti iliyofika nje, "Sema kwa nguvu, meneja, majirani hawasikii."

Kenge alingoja. Ngiri naye alingoja, na mwenye nyumba huweza kungoja kuliko mgeni. Na kule nje Bibi Nungunungu akaanza kuimba, sauti ya kizee, ya kukwaruza:

*Nani alichimba?*

Nguchiro mmoja akaitikia: *Muhanga.*

*Nani analala?*

*Sisi*, wakasema wengi.

*Kenge alichimba nini?*

*Hakuchimba*, mtaa wote, mpaka udongo ukatikisika ndani ya shimo.

Kenge hakuwa na njia nyingine. Akaanza kutoka. Kwanza ikaonekana ncha ya mkia. Kisha mkia. Mkia wa kenge ni mrefu, jamani, ulitoka na ulitoka, mkutano mzima ukiuangalia. Ikaja miguu ya nyuma ikipapasa pa kukanyaga. Likaja tumbo.

Na Kwale, maskini, aliyezoea kazi yake mpaka haimuulizi tena ruhusa, akafungua mdomo:

"Tangazo, tangazo. Kuna mkaaji anatoka kinyumenyume."

Mtaa ukacheka kicheko ambacho haukuwahi kukicheka tangu Kenge atoke mtoni. Kwale mwenyewe akashtuka, kisha akaona hakuna lililomwangukia, akarudia tena kwa sauti kubwa zaidi.

Kichwa cha Kenge kikatoka mwisho, kimejaa udongo. Nguchiro wakaanza kupiga kelele, afukuzwe, afukuzwe, nyumba yake ichukuliwe.

Ngiri akatoka, watoto nyuma yake. "Ngojeni," akasema. "Mzee Kenge, mvua inakuja, na mimi simtakii mtu alale nje. Kama kanuni yako ni nzuri, imekupata, uondoke leo. Kama ni mbaya, hakuna anayeondoka. Si wewe, si mimi. Chagua. Lakini useme mbele ya watu: nilikosea."

"Haki kabisa," akasema Bibi Nungunungu. "Neno moja tu, mzee. Useme ukalale."

Kenge akafungua mdomo. Ulimi ukatoka. Ukarudi. Ukatoka tena, kama neno liko kwenye ncha yake. Ukarudi mtupu. Wote walingoja. Tone la kwanza la mvua likaanguka, na la pili, na ulimi ukaendelea kutoka na kurudi.

Mwisho akasema, "Mjomba wangu Mamba atayasikia haya."

"Msalimie," Ngiri akasema.

Kenge akaondoka. Angeweza kulala pakavu kwa neno moja, akaliona zito kuliko masika yote. Hadi leo hana mtaa. Leo kando ya mto, kesho juu ya tawi, keshokutwa kwenye shimo la mwenzake mpaka mwenyewe arudi. Na ulimi wake bado unatoka na kurudi, unatoka na kurudi. Bado anajaribu kulisema.

Wakaaji wakataka kumpa Ngiri umeneja. Akawaambia, kilima kile kina jua zuri, aanikaye mgongo aende, lakini atakayekuwa na kanuni ailete huku chini tulipo, na yeye ndiye wa kwanza kuishi nayo. Sungura mmoja alikuwa na kanuni tatu kichwani. Aliposikia hivyo, akakumbuka ana kazi nyumbani.

Haya, fundisho. Sikuja kuwaambia msitii. Nyumba za wengi zinahitaji taratibu, na Bibi Nungunungu tangu siku ile anaokota miba yake njiani bila kutumwa. Lakini kanuni isiyomwuliza anayelala ndani ya nyumba, mwulizeni aliyeitunga amechimba nini. Akiwatisha kwa mjomba, mwambieni amlete. Akiwaita chemba awape ninyi peke yenu, ongezeni sauti. Na mkubwa asiyeweza kusema nilikosea msimwonee huruma ya cheo. Hakutaka kuwatunza, alitaka mumwogope.

Mimi niliyokuwa nayo nimeyatoa yote nje, tena kichwa mbele. Aliye na yake na ayatoe, kwa upande wowote aupendao, na asiombe ruhusa.