Upembuzi Yakinifu wa Mheshimiwa Kiboko

Ngano hiyo!

— Na ije.

Ikija?

— Tuisogelee, ikae nasi.

Haya, wa nyuma sogeeni. Wenye kuguna, guneni mwisho.

Alikuwako Kiboko, mkubwa wa njia zote za porini, ambaye hakuwahi kukata hata kijiti. "Mimi sikati, mimi hukatiwa," ndivyo alivyokuwa akisema. Na alikuwako Bi Pimbi, mdogo kama kikapu cha mayai, akiishi mlimani kwenye mawe na watoto wake. Kati ya mlima na mto kulikuwa na kichaka cha miiba, kinene, hakipitiki. Ukizunguka upande wa pili, chui anakungoja. Kiangazi kile watoto wa Bi Pimbi walilamba mawe kwa kiu, na mama yao akalia.

Baraza la wanyama likaamua kwamba mwaka ule ndovu wangefungua barabara moja. Moja tu. Watu wa mlimani wakaomba iende mtoni. Kiboko akaitaka itoke dimbwini kwake iende kwenye miwa.

"Baraza linataka utafiti," Kiboko akamwambia Bi Pimbi. "Utaufanya wewe, wenzako wa mlimani wasinung'unike. Majibu ninayo tayari. Wewe tafuta maswali."

"Sawa, mheshimiwa. Basi tufanye upembuzi yakinifu."

Kiboko akatega masikio. "Upembuzi? Mnapembua nini, mtama? Na mimi nitapata?"

"Tunapembua njia, mheshimiwa. Ya miwa tunaibakiza, ya mlima tunaitupa kama pumba. Ila baraza litauliza, nani amepita hapo akaona hapafai? Nikisema mimi, watacheka. Ukisema wewe uliyepita, nani atabisha?"

Kiboko akavimba kichwa. Akaingia kichakani. Gudu gudu gudu, kwaru kwaru, mpaka juu.

"Haifai," akasema akihema. "Kawaambie."

"Nitawaambia, mheshimiwa. Lakini hiyo ni kupanda. Je, kushuka?"

Akashuka. Gudu gudu gudu, kwaru kwaru, mpaka chini.

"Haifai. Kawaambie."

"Nitawaambia, mheshimiwa. Lakini umepita katikati. Je, pembeni?"

Akapita pembeni kushoto, akapita pembeni kulia. Gudu gudu gudu. Kwaru kwaru zilikuwa zimebaki chache.

"Haifai. Na sasa nina njaa."

"Utafiti unakaribia kuiva, mheshimiwa. Je, mtu akiteleza kule juu, akabingirika?"

Kiboko akapanda, akajilaza, akajiachia. Bingiri bingiri bingiri, mpaka mtoni, chubwi!

Asubuhi baraza likaja. Ndovu, mwenyekiti, alishuka kutoka mlimani hadi mtoni taratibu, akitazama huku na huku.

"Mheshimiwa, njia hii ina kasoro gani?"

"Miiba," akasema Kiboko.

"Miiba ipi?"

Kiboko akatazama. Hakuona hata mmoja. Yote ilikuwa imemganda matakoni.

Watoto wa Bi Pimbi wakapita mbio katikati ya miguu ya wakubwa, wakainamia maji, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Vigelegele vikajaa mlima mzima. Bi Pimbi alifurahi mpaka akasahau kumwogopa mtu.

"Kumbe mwenzetu hufungua barabara kwa siku moja, peke yake," akasema Ndovu. "Sisi tunajitesa nini? Kuanzia leo kazi hii ni yake."

"Na ile ya miwa?" Kiboko akauliza kwa sauti ndogo.

"Ya miwa nayo utaifungua mwenyewe, mheshimiwa," akajibu Bi Pimbi. "Ila kwanza, upembuzi yakinifu."

Basi, enyi wadogo, ngano inatufundisha tusijitie katika mambo ya barabara. Barabara hujengwa na wakubwa, tena kwa jasho lao wenyewe. Si mmemwona?

Ngano yangu imekoma hapo. Aliyecheka apige makofi, aliyesinzia amuulize jirani.