Dagaa wa Bata

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni sasa hivi, maana mwishoni hamtakuwa na sauti.

Hapo zamani za kale palikuwa na Korongo na mumewe. Mume alikuwa na pumu. Kila mwaka walikwenda Ulaya, na kila mwaka Kanga mganga aliwafungia dawa za siku arobaini.

"Dawa ikae mkobani, usiiache," Kanga alisema. "Na pesa msibadilishe zote kwenye mpaka wa kwanza. Kila nchi ina zake."

"Tumesikia, bibi."

Siku ya safari, hodi! Bata huyo. "Shoga, nipelekee dagaa kwa binti yangu Polandi. Kidogo tu." Kidogo chenyewe kikapu kizima! Hodi! Chiriku na mtama wake. Hodi! Njiwa na ubuyu. Korongo angekataa vipi? Angesemwa mtaa mzima. Mkoba ukajaa. Akatoa dawa, akabakiza za siku kumi.

"Zitatosha," akasema.

Puruu! Wakafika Ugiriki. Wakabadilisha pesa zote, wakapewa yuro. Puruu! Wakafika Hungaria. Mvua, baridi, na dawa zimekwisha. Kifua cha mume kikaanza: khii, khii, khii.

Wakamwendea Bundi, mganga wa huko.

"Dawa ninayo," Bundi akasema. "Leteni forinti."

"Tuna yuro tu, na wabadilisha pesa wamefunga."

"Sizitaki." Bundi akanusa mkoba. "Basi nipeni hao dagaa, niwape dawa sasa hivi."

Korongo akaukumbatia mkoba. "Si wangu. Ni amana ya Bata."

"Mke wangu, wafungue," mume akasema. Khii, khii. "Bata ataelewa."

"Nitamwambia nini mimi? Tungoje jua litoke, utapata nafuu."

Wakangoja. Jua likatoka. Mume hakupata nafuu. Khii. Khii. Kisha kimya.

Jamani! Korongo alimwita, alimpepea kwa mabawa, alimtikisa. Kimya.

Akafika Polandi peke yake. Binti Bata akafungua kikapu, akaonja.

"Ahsante, mama mdogo. Lakini mbona wamevunjikavunjika hivi? Na mama hakuweka pilipili?"

Hakuuliza baba mdogo yuko wapi.

Basi wanangu, na nyinyi wazazi mnaojifanya mmesinzia: mkisafiri, dawa iingie mkobani kwanza, mizigo ya watu baadaye. Bakizeni pesa za nchi ya mbele. Na kitu cha mtu kikiweza kuokoa roho, kifungueni, mtaombana radhi mkirudi.

Hadithi yangu imekomea hapo. Korongo alirudi peke yake.